Tochi ya Chuma: Tuipime Kabla ya Kuilipia

Somo letu la leo linahusu kitu ambacho karibu kila nyumba inacho. Kitu hicho ni tochi. Hatutazungumza sana juu ya mwanga wake. Tutazungumza juu ya bodi yake, yaani lile bomba la nje unalolishika mkononi.

Watu wengi wakinunua tochi huiwasha, humulika ukutani, basi, wanalipa. Bodi hawaitazami. Au wakiitazama, huangalia kama inang'aa. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bodi ndiyo inayoamua kama mwanga ule ulioupenda dukani utakuwepo tena baada ya miezi sita.

Hapa Bweri tochi ni chombo cha kazi. Msafiri anashuka stendi usiku, umeme umekatika, naye anatafuta njia ya nyumbani. Mlinzi wa mtaa anazunguka nayo mpaka alfajiri. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, maana dagaa hufuata taa gizani. Taa kubwa inavuta dagaa. Tochi ndogo inamsaidia kufungua fundo la kamba, kuangalia maji yanayoingia mtumbwini, na kuwapa ishara wenzake. Huko Majita au Butiama vijijini, mama anashikwa na uchungu usiku, na wanaomsindikiza zahanati wanahitaji kuiona njia. Tochi ikizimika saa hizo, hasara yake ni kubwa kuliko bei yake.

TOCHI IMETOKA WAPI

Tochi ya mkononi ya umeme ilipewa hati ya ugunduzi huko Marekani mwaka 1899. Mgunduzi wake aliitwa David Misell. Bodi ya tochi zile za kwanza ilikuwa bomba la karatasi ngumu, lenye shaba kwenye ncha. Baadaye zikaja bodi za bati na za shaba nyeupe. Mwaka 1979 kampuni moja ya Marekani iitwayo Mag Instrument ilianza kuuza tochi nene ya alumini inayoitwa Maglite. Tangu hapo alumini imeenea sana katika tochi nzuri.

Siku hizi wapo watu duniani wanaopenda tochi kama wengine wanavyopenda saa au redio. Wanazifungua, wanazipima unene, wanazitia majini. Sisi tunanunua tochi kwa kazi, siyo kwa kujifurahisha. Hata hivyo maswali wanayouliza watu hao yanatufaa na sisi.

BODI INA KAZI TATU

Kazi ya kwanza ni kulinda. Bodi inazuia maji, vumbi na kishindo visifike ndani. Hii wengi tunaijua.

Kazi ya pili ni kupitisha umeme. Hii wengi hawaijui. Fungua tochi ya chuma uangalie. Betri, au mawe kama wengi tunavyoyaita, yana upande chanya na upande hasi. Upande chanya unagusa taa moja kwa moja. Upande hasi unagusa springi ya nyuma. Sasa umeme unarudije kutoka springi ya nyuma mpaka kwenye taa iliyo mbele? Katika tochi nyingi za chuma hakuna waya. Njia yake ni bodi yenyewe. Kwa hiyo bodi ikishika kutu kwenye maungio, mwanga unafifia. Mtu anatupa mawe mazima akidhani yamekwisha. Kumbe njia ya umeme imeziba.

Kazi ya tatu ni kutoa joto. Tochi za siku hizi hutumia vitaa vidogo vya LED. Kitaa hicho hakichomi kama balbu ya zamani, lakini chenye nguvu kinapata joto kwa nyuma. Joto lisipopata pa kwenda, mwanga hupungua na kitaa hufa mapema. Bodi ya chuma inalichukua joto hilo na kulitoa hewani. Alumini hupitisha joto takriban mara tatu kuliko chuma cha kawaida. Plastiki huzuia joto. Ndiyo sababu tochi yenye mwanga mkali huhitaji bodi ya chuma, na hasa ya alumini.

NI CHUMA GANI?

Tunasema "tochi ya chuma", lakini siyo zote ni chuma. Dukani utakuta za aina nne.

1. Bati lililopakwa rangi au nikeli ya kung'aa. Ni chuma chembamba. Rangi ikichubuka, kutu inaingia.

2. Shaba nyeupe iliyopakwa nikeli. Haishiki kutu nyekundu. Ni nzito.

3. Alumini. Ni nyepesi, haishiki kutu nyekundu, na hupitisha joto vizuri. Mara nyingi ni nyeusi au ya kijivu. Rangi hiyo huwa ndani ya ganda gumu lililooteshwa juu ya alumini yenyewe kwa umeme na tindikali. Haibanduki kama rangi ya kupaka.

4. Plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Hii inajifanya chuma.

HATUA SITA ZA KUPIMA DUKANI

Chukua kipande cha sumaku. Fundi redio anaweza kukupa sumaku ya spika mbovu. Kisha fuata hatua hizi. Mwombe muuzaji ruhusa kwa heshima. Muuzaji anayejua mali yake ni nzuri hatakuwa na sababu ya kukukatalia.

Hatua ya 1: Shika. Chuma huwa baridi mkononi mwanzoni. Plastiki haina ubaridi huo. Gonga kwa ukucha usikilize. Plastiki hulia butu.

Hatua ya 2: Weka sumaku. Toa mawe kwanza. Mawe mengi yana ganda la chuma, nayo yatakudanganya. Gusa sumaku katikati ya bodi, siyo nyuma kwenye springi. Ikinasa, bodi ni ya chuma au bati. Isiponasa, inaweza kuwa alumini au shaba. Kipo pia chuma cha pua kisichonasa sumaku. Hapo pima uzito kwa mkono. Chuma na shaba ni vizito kama mara tatu ya alumini yenye ukubwa uleule.

Hatua ya 3: Tazama unene. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie ukingo wa bomba. Bodi nzuri ukingo wake hukaribia unene wa sarafu. Bodi hafifu ni nyembamba kama debe. Bonyeza katikati kwa vidole gumba viwili. Isinepe hata kidogo. Angalia pia kama kuna mshono wa kukunja bati toka juu mpaka chini. Maji hupenda kuanzia hapo.

Hatua ya 4: Soma nyuzi. Nyuzi ni ile mistari ya kufungia, kama ya nati na bolti. Hapa ndipo bodi inaposema ukweli wake. Kama mistari inaonekana nje na pia inatokeza ndani ya bomba, basi bati limebonyezwa tu. Litachakaa upesi na kuanza kuruka. Kama mistari inaonekana upande mmoja tu, basi imekatwa katika chuma kinene. Funga na kufungua mara tano. Kifuniko kizunguke laini, bila kukwama na bila kuyumba.

Hatua ya 5: Tafuta mpira. Karibu na nyuzi pawe na mpira mwembamba wa duara. Mafundi huuita oringi. Huo ndio unaozuia maji. Uwe umekaa ndani ya mfereji wake, usiwe umepasuka wala kujikunja. Tochi isiyo na mpira haizuii maji, hata kama boksi limeandikwa kwamba inazuia.

Hatua ya 6: Washa utikise. Rudisha mawe, washa, kisha tikisa na gonga kiganjani. Mwanga usicheze. Ukicheza, ipo sehemu ndani isiyogusana vizuri. Iache ikiwaka kwa dakika chache huku ukizungumza na muuzaji. Sasa gusa bodi. Kwa tochi yenye mwanga mkali, bodi ikipata uvuguvugu hiyo ni dalili njema. Maana yake joto linatoka kwenye kitaa. Usiogope uvuguvugu. Ogopa tochi kali inayobaki baridi huku mwanga wake ukizidi kushuka. Joto limebaki ndani.

Jambo jingine dogo: pitisha kidole juu ya bodi. Bodi nzuri ina vijimstari vilivyokatwa ili mkono usiteleze. Mvuvi mwenye mikono ya maji na magamba ataelewa faida yake.

JARIBIO LA MAJI NYUMBANI

Baadhi ya tochi zina alama ya kuzuia maji. Alama IPX4 maana yake inavumilia maji ya kurushwa, kama mvua. Alama IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kama tochi haina alama, usiizamishe.

Kwa tochi yenye IPX7, fanya jaribio hili ukiwa bado unaweza kuirudisha dukani. Toa mawe. Weka ndani kipande cha karatasi kavu ya daftari. Funga vizuri. Zamisha katika ndoo ya maji kwa dakika 30. Itoe, ifute nje mpaka ikauke, kisha ifungue. Karatasi ikiwa kavu, tochi imefaulu. Ikiwa imelowa, umejua ukiwa nyumbani. Ni heri kujua nyumbani kuliko kujua katikati ya ziwa.

TUFANYE HESABU

Namba hizi ni za mfano tu wa kujifunzia. Tuseme tochi ya bati inauzwa shilingi 4,000 nayo inadumu miezi 4. Tochi ya alumini inauzwa shilingi 18,000 nayo inadumu miezi 36.

Tochi ya bati: 4,000 gawanya kwa 4 = shilingi 1,000 kwa mwezi.
Tochi ya alumini: 18,000 gawanya kwa 36 = shilingi 500 kwa mwezi.

Katika miezi 36 mwenye tochi ya bati atanunua tochi 9. Atatumia shilingi 36,000, yaani mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo usiulize bei peke yake. Uliza bei, kisha uliza itadumu muda gani.

Lakini tusidanganyane. Siyo kila mtu anazo shilingi 18,000 kwa siku moja. Mwenye shilingi 4,000 leo naye anahitaji mwanga leo. Kwake, hatua sita zile ni muhimu zaidi. Katika tochi kumi za bei ndogo zilizo mezani, zote hazilingani. Atafute ile yenye nyuzi laini, mpira mzima na springi ngumu. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinaweza kumsaidia mlinzi au mvuvi kununua chombo imara.

KUITUNZA BODI

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapobadilisha mawe. Ukiona kutu au unga mweupe, usugue mpaka chuma kionekane. Mara nyingi mwanga utarudi bila kununua kitu.

Usiache mawe ndani ya tochi isiyotumika. Mawe yaliyokwisha huvuja maji makali. Maji hayo hula alumini na chuma, na mawe hunasa ndani yasitoke tena.

Usisafishe mpira kwa petroli wala dizeli. Vitauharibu. Mafuta ya kupikia nayo hunasa mchanga.

Kwa tochi za betri ya kuchaji, angalia lile ganda la plastiki linaloizunguka betri. Likichanika, hasa karibu na upande chanya, usiitumie. Chanya na hasi vinaweza kukutana ndani ya bodi ya chuma. Betri itapata moto mkali na inaweza kuwaka au kulipuka. Usiitupe motoni wala usiwape watoto kuichezea.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bodi: bomba la nje la tochi.
Nyuzi: mistari ya kufungia kifuniko.
Oringi: mpira wa duara unaozuia maji.
Chanya na hasi: pande mbili za betri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kazi tatu za bodi ya tochi.
2. Kwa nini tunatoa mawe kabla ya kuweka sumaku?
3. Leteni tochi zenu zote kikundini, nzima na mbovu. Zipimeni kwa hatua sita. Ni tochi ngapi mbovu zina kasoro kwenye nyuzi au kutu tu? Zisafisheni, mzijaribu tena.
4. Tochi moja inauzwa shilingi 6,000 nayo inadumu miezi 5. Nyingine inauzwa shilingi 12,000 nayo inadumu miezi 15. Ipi ni nafuu kwa mwezi?

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Basi soma na vitu, siyo maandishi tu. Siku ya gulio, kabla ya kutoa fedha yako, fungua kile kifuniko cha nyuma uangalie.