Wifi anatoka Perugia, siku ni tatu tu

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Gasenyi hapa Bujumbura. Wifi yangu anaishi Perugia, Italia, na mwezi ujao anakuja kutuona. Siku za kutembea ni Ijumaa hadi Jumapili. Amenitumia orodha kwa WhatsApp: Ijenda, Muramvya, Gitega, Kayanza, Ngozi, Rutovu na Rutana. Anasema kwao mtu anaona miji miwili ya milimani kwa siku moja, asubuhi Assisi, jioni Spello, na bado anarudi kulala nyumbani. Gari tunalo. Twende wapi, tuache wapi?
Mama wa Gasenyi

Karibu, mama. Orodha hiyo inataka wiki nzima na dereva asiyesinzia.

Wifi yako simlaumu. Mji wa milimani aliozoea umekaa juu kabisa, umezungushiwa ukuta, nyumba zimebanana na kanisa lipo katikati. Ukizunguka saa mbili umeuona wote. Warundi hawakujenga namna hiyo. Kila rugo, yaani boma la familia, lilisimama peke yake ndani ya migomba yake, kilima kikajaa watu bila kuwa mji. Hata leo ukimuuliza mtu kwao ni wapi, atakutajia kilima. Miji yetu ya huko juu mingi ni ya juzi tu; Gitega yenyewe Wajerumani waliianzisha mwaka 1912 iwe makao ya utawala wao. Mshushe wifi katikati ya Kayanza umwambie atembee: ataona maduka ya simu, benki, kituo cha mafuta, kisha atakuuliza mji wenyewe uko wapi. Uzuri wa kwetu uko njiani na pembezoni. Basi acha kuhesabu miji, chagua barabara moja.

Mimi ningechukua ya Gitega, karibu kilomita 100, na bahati yako inaanzia mlangoni: kutoka Gasenyi unashika RN1 na kupanda moja kwa moja. Ondokeni Ijumaa mapema. Kwenye mteremko huo mwambie wifi aache simu atazame baiskeli. Zinazoshuka zimebeba mikungu ya ndizi hadi mwendeshaji haonekani, breki yake ni soli ya kandambili. Zinazopanda hazipigi pedali. Kijana ameshika chuma cha nyuma ya lori kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani, na lori linamvuta kona baada ya kona. Mwambie dereva wenu asiwafuate kwa karibu.

Bugarama simameni. Mmetoka ziwani kwenye mita 800 hivi, hapo mmepita 2,000; ukungu unaweza kuwakuta saa nne asubuhi, kwa hiyo masweta yasiwe chini ya mizigo. Kabichi, karoti na viazi nunueni wakati wa kurudi, si wa kwenda. Njia inagawanyika hapo: RN1 inaendelea Kayanza, ninyi mnaingia RN2 kwenda Muramvya, eneo la makao ya wafalme wa zamani. Upande wa Kiganda ndiko mfalme Mwezi Gisabo alikopatana na Wajerumani mwaka 1903, baada ya vita vilivyomchosha. Kuta za kifalme za kupiga picha hakuna, wafalme wetu walijenga kwa miti na nyasi. Mwelezeni mapema, asije akatafuta mnara.

Laleni Gitega usiku wote wawili. Kufungasha mizigo kila asubuhi kunakula siku kuliko barabara yenyewe. Jumamosi asubuhi msipange safari, maana ni saa za kazi za jamii na magari husimamishwa. Kunyweni chai taratibu. Saa hizo zikiisha, nendeni Gishora, kilomita chache tu kutoka mjini. Hapa ndipo muda wenu mwingi uende. Kuna boma la kifalme lililojengwa upya, kuna ngoma mbili za kale zenye majina yao, Ruciteme na Murimirwa, na kuna wapigaji wanaoingia na ngoma kichwani huku wakizipiga. UNESCO iliiandikisha sanaa hii mwaka 2014. Bei patana nao kabla hawajaanza. Na kama wifi ana hamu ya kushika miti ya kupigia, mnong'oneze mapema: amri ya 2017 inawakataza wanawake. Mimi amri hiyo siipendi, lakini si wapigaji walioiandika, kwa hiyo asigombane nao.

Makumbusho ya Taifa hapo Gitega, ya tangu 1955, ni madogo, lakini vikapu na vifaa vya ufalme vinatosha kumweka mtu saa moja. Kabla hamjafunga safari pigeni simu muulize kama yatakuwa wazi.

Ijenda, Rutovu na Rutana ziko upande mwingine kabisa, barabara ya kusini. Akishikilia kwamba lazima aone chemchemi ya Nile na piramidi yake ndogo ya mawe pale Rutovu, mkubalie, lakini Gitega ifutwe, msijaribu kuunganisha. Ngozi na Kayanza zisubiri likizo ndefu.

Lililobaki ni mafuta. Unajua foleni zetu. Anza kutafuta wiki moja kabla, tangi lijae Alhamisi usiku, na usihesabu kwamba utaongeza Gitega. Yakikosekana, chukueni Hiace hadi Gitega, na kwa kwenda Gishora mtafute teksi huko huko.