Zana ya Zamani Huachwaje?

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka." Nyingine yajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ugomvi wa methali hizi ndio ugomvi wa zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu huku kwetu Bulyanhulu, Kahama na Geita. Wengi wakubali kwamba zana hii imezeeka. Wasilopatana ni lini iachwe, na kwa njia gani.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mawe husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo. Mchanga mzito unaobaki hutiwa ndani ya karai pamoja na maji na zebaki. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu, ikawa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa: zebaki hupaa kuwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hata mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Zebaki ikifika majini hugeuka sumu inayokusanyika katika samaki. Hivyo ndivyo walivyougua watu wa Minamata, Japani, mji ambao ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa mwaka 2013 juu ya zebaki una jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa wachimbaji wadogo, mkataba wataka zebaki ipunguzwe, na panapowezekana ikomeshwe.

Wanaoitetea wasema hivi: mwenye mifuko miwili ya mawe hupata dhahabu yake siku ile ile, bila mtambo. Sayanaidi huhitaji matangi, mtaji, ujuzi na siku nyingi. Wanaoipinga wajibu: mvuke haumchagui mwenye karai, jirani naye huuvuta. Tena zebaki haikamati dhahabu yote. Iliyobaki katika marudio humtajirisha mwenye mtambo anayeyanunua.

Mabishano kama haya yaliwapata hata watengenezaji wa programu huria, yaani zile ambazo kila mtu aweza kuzisoma na kuzirekebisha. Python ni lugha ya kuandikia programu. Mwaka 2008 lilitoka toleo la 3, ambalo halikupatana na programu nyingi za toleo la 2. Ilipangwa toleo la 2 liachwe mwaka 2015. Lakini kazi za watu wengi zilikuwa zimejengwa juu yake, basi mwaka 2014 tarehe ikasogezwa hadi 2020. Katika muda huo zilikuwapo zana za kuwasaidia watu kuhama. Mwaka 2020 ulipofika, tarehe haikusogezwa tena.

Somo ninaloliona ni hili: tarehe bila ngazi haimfikishi mtu juu, na ngazi bila tarehe haipandwi. Ila tuwe na hadhari. Programu ya zamani iliweza kungojwa miaka 11. Mapafu ya mtoto hayawezi.

Kwa hiyo ngazi yetu iwe na vipandio viwili. Cha kwanza ni cha leo: donge lisichomwe penye makazi, wala jikoni, bali lichomwe katika chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke. Humo zebaki hurudi kuwa maji, ikatumika tena, na mchimbaji hupunguza gharama. Kipandio cha pili ni vikundi: wachimbaji waunganishe mizigo yao, ichenjuliwe bila zebaki, nao wasaidiwe mtaji na mafunzo kabla ya tarehe ya kuiacha kutangazwa.

Wengi wetu sare na madaftari yetu yametoka katika karai hilo. Haitupasi kuwadharau wazazi waliotusomesha kwalo. Yatupasa, likizo ifikapo, kuwaeleza kwa adabu yale tuliyojifunza katika kemia, na kuanza na jambo dogo: moto ule usogezwe mbali na nyumba.