Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

*Mwalimu, mwanangu wa kidato cha pili kaniuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Nimegawanya kwa 3, 7, 11 na 13 mpaka nimechoka. Nikubali tu kuwa ni tasa?*
*Mzazi, Morogoro*

Usikubali, ndugu. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Hata Fermat, bingwa wa hisabati wa Ufaransa, aliiamini kuwa tasa. Mwanahisabati Euler akaja kumkosoa mwaka 1732.

Umechoka kwa sababu umeanzia pasipo na kitu. Kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, hubaki 1. Basi jaribuni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Hapo itagawanyika bila baki: 6,700,417. Fanyeni kwenye karatasi. Kikokotoo cha tarakimu 8 hakiwezi hata kuiandika.