Mbwa wa shamba akilala Langoni

Simba ni mbwa wa shamba. Anakaa Hindi, bara, akilinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe mwitu. Langoni, mtaa wetu wa Lamu, amelala usiku tatu tu, wakati wa masika, baada ya nguruwe kumpasua paja. Nilimvusha kwa boti kutoka Mokowe ili nimsafishe kidonda asubuhi na jioni. Siku tatu hizo zimenifunza namna ya kuwa na mbwa katika mtaa usiotaka mbwa.

Mgeni akikosa kuona mbwa Lamu hudhani hatupendi wanyama. Si kweli. Paka wanalala juu ya baraza zetu, na hospitali ya punda ipo hapa tangu 1987. Jambo ni twahara. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba au mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa. Wa kufuga kwa pambo tu, hapana.

Jioni ya pili nilimtoa kabla ya Magharibi, mvua ikinyunya. Kichochoro chetu, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, akatoka na kanzu nyeupe kwenda msikitini. Kamba nilikuwa nimeiachia ndefu. Simba akajikung'uta, matone yakaruka hadi kwenye pindo la kanzu.

Mzee hakunifokea. Aliliangalia pindo, akanambia, "Mwanangu, swala ya jamaa imeshanipita," akarudi ndani. Ningependa angenitukana.

Nilimwomba ile kanzu nikaifua mwenyewe. Maji ya kwanza nilitia udongo safi, nikauvuruga mpaka yakawa kama uji mwembamba, nikahakikisha yamepita kila uzi wa pindo. Kisha maji sita meupe, kila mara nikimwaga na kuanza upya. Niliirudisha imepigwa pasi, nikamwomba radhi mlangoni.

Basi ukilazimika kumleta mbwa mtaani, nenda kwa majirani kabla hajashuka botini. Waambie anakuja kwa sababu gani na ataondoka lini. Mtoe baada ya Isha watu wakishatulia, au asubuhi jua likipanda, wala si karibu na adhana. Kamba iwe fupi, mkononi, upande wa ukutani. Akiwa amerowa, asitoke kabisa. Unyevu ndio wenye taabu. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi, na hili wafahamishe watoto wasije wakakimbia wakaanguka. Bakuli lake liwe lake peke yake, na lisioshwe pamoja na vyombo vya nyumbani. Mimi nilitenga ndoo, kata na nguo za kumhudumia, nikaziweka kiwandani, yaani uani, mbali na birika la udhu.

Chanjo usiifanyie mzaha. Simba alichanjwa kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu, na kila mwaka hurudiwa; kadi yake nasafiri nayo. Jirani aliyekubali kuvumilia mbwa wako asibebeshwe na hofu ya ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea kwa mtu, kupona ni nadra mno. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Pilipili na mafuta ya taa visikaribie jeraha.

Siku ya nne alfajiri, watu wakiwa wameshaswali, nilimrudisha Simba gatini. Paja lilipona, kovu limebaki.

Sasa kila nikirudi kutoka Hindi yule mzee huwa ameketi barazani. "Simba hajambo?" huniuliza. Namjibu nikiwa nimesimama hatua kadhaa mbali, kwa kuwa nguo za shamba sijazivua.