Vinavyodhuru Juu, Vinavyohitajika Chini
Kupanga nyumba ili mtoto mdogo ajitegemee



Ndugu zangu wanafunzi, somo letu la leo linahusu nyumba. Si ile nyumba tutakayojenga tukimaliza masomo, in shaa Allah, bali chumba tunachokipanga leo. Baadhi yetu tayari ni wazazi. Wengine wanaishi na wadogo zao au watoto wa dada zao, na waliobaki wataoa na kuolewa karibuni. Nataka tuzungumze namna ya kupanga nyumba ili mtoto wa miaka 2 hadi 6 aweze kujifanyia mambo yake madogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

SIKU YA CHAI

Tunaishi hapa Kakoba, Mbarara, mimi, mume wangu na binti yetu, katika chumba kimoja cha kupanga, aina ile inayoitwa muzigo. Pazia linakigawa: nyuma yake kitanda, mbele yake kila kitu kingine. Wakati huo binti yetu alikuwa na miaka 3. Nilikuwa na mtihani keshokutwa, nimekaa mlangoni na madaftari, nikasikia nyuma yangu kigoda kinaburutwa. Sikugeuka. Kisha nikasikia kilio.

Alikuwa amepanda kigoda ili afikie rafu ya vikombe. Kigoda kikayumba, akaanguka, na mkono wake ukapiga sufuria ya chai iliyokuwa juu ya sigiri, pale chini sakafuni. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, nami nikampaka. Tulipofika kliniki, muuguzi akaiosha yote. Akaniambia kwamba mtu akiungua, kitu cha kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si siagi, si unga. Alipomaliza kufunga mkono akaniuliza:

“Alikuwa anatafuta nini?”

“Kikombe. Alitaka maji.”

“Na kikombe chake kiko wapi?”

“Juu.”

“Na moto uko wapi?”

Sikuwa na jibu. Mtoto alipona, alhamdulillah, kovu dogo limebaki kwenye kifundo cha mkono. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nikasimama katikati ya chumba na kukitazama upya. Sigiri chini. Chupa ya mafuta ya taa chini, nyuma ya mlango. Kiwembe kwenye kopo, chini ya kitanda. Na juu, mbali na mkono wa mtoto: kikombe, sahani, nguo zake, viatu vyake, mswaki wake. Nyumba yangu ilikuwa imepangwa kinyume.

KWA NINI TULIWEKA VITU JUU

Nilijiuliza nilijifunza wapi kupanga hivyo. Jibu liko Nakivale. Baba yangu ni mzaliwa wa Kasongo, Maniema, aliyehamia Rutshuru kwa biashara. Mwishoni mwa 2008 vita vilitutoa huko, tukavukia mpaka wa Ishasha, nami nina miaka 6. Tukaletwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, makazi ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulipewa kiwanja upande wa Rubondo, tukajenga kwa miti, udongo na turubai. Mama alitundika kila kitu kwenye mifuko juu ya boriti. Panya wasifike, maji ya mvua yasifike, watoto wasifike.

Nikiwa na miaka 8 nilikuwa nabeba jerikeni ya lita 10 kutoka bombani, na nilijua kupika posho. Watu walimsifu Mama: mtoto wako anajitegemea. Lakini nikitaka kunywa yale maji niliyoyabeba, ilibidi niombe kikombe. Nilifanya kazi za mtu mzima, na ndani ya nyumba sikuwa na kitu ninachoweza kukifikia.

Simlaumu Mama. Alitulea kwa jasho lake, na Allah amlipe kheri. Nasema haya ili tutofautishe mambo matatu tunayoyachanganya. Kumbebesha mtoto mzigo wa nyumba si kumfundisha kujitegemea. Kumwacha peke yake afanye atakavyo ni kumtelekeza. Na kumfanyia kila kitu mpaka ashindwe kuvaa viatu akiwa na miaka 6 ni kumdekeza. Kujitegemea ninakokusudia ni mtoto kufanya jambo lake, lenye ukubwa wake, kwa kitu anachokifikia, na mzazi yuko karibu.

MTUME (S.A.W.) NA WATOTO

Tukirudi kwenye Sunna tunakuta malezi haya yamekamilika kuliko tunavyodhani.

Kwanza, alionyesha kwa mkono wake, kisha akaacha. Amepokea Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita kijana akichuna mbuzi na hajui vizuri. Akamwomba asogee, akaingiza mkono wake baina ya ngozi na nyama mpaka kwapani ili kumwonyesha, kisha akaenda zake kusalisha. Hakumnyang'anya kazi, wala hakumkaripia.

Pili, alisahihisha bila kufedhehesha. Umar bin Abi Salama (r.a.), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alikuwa akila huku mkono wake ukizunguka sinia. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mambo matatu kwa maneno machache: kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Umar mwenyewe alisimulia kwamba tangu siku ile ndivyo alivyokula. Tazameni: mtoto alikuwa anakula mwenyewe, hakulishwa.

Tatu, alimpa mtoto haki ya kuulizwa. Katika Bukhari na Muslim, Sahl bin Sa'd (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake kuna kijana na kushotoni wazee. Alimwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa kuiacha fungu lake kutoka kwa Mtume, na Mtume akampa yeye chombo.

Nne, alivumilia. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia miaka 10 tangu utotoni, na alishuhudia kwamba hakuwahi kuambiwa hata “uff”. Mtoto anayejifunza humwaga, huvunja na huchelewa. Asiyeweza kuvumilia maji kumwagika asianze safari hii.

Na kuhusu moto, Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe na taa zizimwe kabla ya kulala. Kwa hiyo usalama wa nyumba ni sehemu ya dini yetu.

Wengi mmeliona neno Montessori kwenye mabango ya shule za chekechea. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia. Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa watu maskini ambao wazazi walishinda kazini. Alipata sifa kwa kuwapa watoto meza na viti vidogo vyepesi wanavyoweza kuvihamisha wenyewe. Msitishwe na bei za vifaa vinavyouzwa leo kwa jina hilo. Kazi yenyewe ilianza kwa watu wa vyumba vya kupanga kama sisi.

TULIVYOPANGA UPYA

Kanuni yetu ni moja: vinavyodhuru juu, vinavyohitajika chini. Tuliifuata hivi.

1. Moto na sumu. Mume wangu alitengeneza meza ya matofali nje ya mlango, sigiri ikapanda juu yake, na mishikio ya sufuria inaelekezwa ukutani. Mafuta ya taa, dawa ya kufulia na vidonge vimepanda kwenye rafu iliyokuwa ya vikombe. Na kamwe hatutii mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto aliyezoea kujihudumia ataiona chupa ya soda na ataamini ni soda.

2. Maji ya kunywa. Jerikeni ya lita 3, iliyojazwa nusu tu ili aweze kuiinamisha, juu ya boksi fupi pamoja na kikombe chake cha plastiki. Kando yake kuna kitambaa. Akimwaga, anapangusa. Siku za kwanza alimwaga mara nyingi kuliko alivyokunywa. Maji makubwa ya beseni na ndoo yanafunikwa au kumwagwa, maana mtoto huweza kuzama hata kwenye maji kidogo.

3. Maji ya udhu na choo. Tulitundika kibuyu chirizi karibu na choo: kijerikeni kilichotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni inaning'inia pembeni. Tumekitundika kwa kimo chake, sisi ndio tunaoinama. Sasa akiniona natia udhu, naye anakanyaga kijiti chake. Swala hajaamrishwa bado, kwani mafundisho ya kumwamrisha ni miaka 7, lakini mwili wake unaizoea njia.

4. Nguo na viatu. Misumari miwili kwenye kimo cha kifua chake, na boksi moja la karatasi. Asubuhi namwonyesha nguo mbili, anachagua moja. Kuvaa kunachukua muda mrefu, kwa hiyo tunaamka mapema kidogo.

5. Ruhusa. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inafundisha kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, adhuhuri tunapopumzika, na baada ya isha. Katika chumba kimoja mlango wetu ni pazia, na mbele ya pazia binti yetu amejifunza kusema hodi na kungoja. Mtoto anayefunguliwa nyumba afundishwe pia mipaka yake.

6. Kazi. Anakunja khanga ndogo, anapanga viatu, anachambua maharage nami. Habebi maji ya nyumba, hawashi moto, wala hatumwi dukani kuvuka barabara.

Yote haya yalitugharimu misumari, kamba, matofali ya kuokota na jerikeni kuukuu. Gharama kubwa ilikuwa subira.

MAMA ALIPOKUJA

Miezi michache baadaye Mama alikuja kutoka Nakivale kututembelea. Alikaa mkekani akamtazama mjukuu wake akihangaika na vifungo vya gauni. Akanyoosha mkono amfunge. Nikamwambia, “Mama, mwache kidogo, anajua.”

Alinitazama kwa uchungu. “Mwanangu, unamlea kama yatima na mama yupo?”

Nilishindwa kusema. Kwake yeye, kumfungia mtoto vifungo ndiyo mapenzi, na miaka mingi hakuwa na nafasi ya kutufanyia hivyo sisi. Nilikuwa namnyima kitu alichokisafiria.

Binti yangu alimaliza vifungo, kimoja amekikosea. Akaenda kwenye jerikeni yake, akamimina maji, akamletea bibi yake kikombe kwa mikono miwili. Nusu yalimwagika njiani. Mama akapiga bismillah, akanywa. Baadaye usiku, mtoto amelala, aliniambia, “Kule Nakivale nilitundika kila kitu juu. Kila mwaka nilidhani mwaka ujao tutarudi kwetu. Mfuko uliotundikwa haukawii kubebwa.”

Hapo nilielewa kwamba kuteremsha kikombe cha mtoto ni kukubali kwamba tunaishi hapa tulipo, leo, hata kama kesho yetu anaijua Allah peke yake. Wengi wetu katika chuo hiki tunaishi hivyohivyo. Tumepanga chumba kwa muhula mmoja, hatupigi msumari kwa sababu tutahama. Lakini mtoto hana muhula wa kungoja. Miaka yake ya kujifunza kushika kikombe ni hii.

Mama hakubadilika wote. Mpaka leo akija anamvalisha viatu, nami nimeacha kumzuia. Ila tulipokwenda Nakivale wakati wa Idi, nilikuta ukutani msumari mpya, chini sana, una kikapu kidogo. Hakuna aliyeniambia ni wa nani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAQA

1. Piga magoti chumbani kwako ili uwe na kimo cha mtoto. Unafikia nini? Je, unachofikia kinakufaa au kinakudhuru?

2. Kuna tofauti gani kati ya kazi uliyopewa utotoni kwa ajili ya malezi na ile uliyopewa kwa sababu ya shida?

3. Tukiishi na wazazi au wakwe wenye mtazamo tofauti, tutawezaje kulea kwa njia yetu bila kuvunja heshima yao?

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.