Kosa ni la Mtumiaji au la Tovuti?

Tovuti ni chombo cha kazi, kama vile jembe au cherehani. Jembe lenye mpini mbovu humchosha hata mkulima hodari, wala hakuna amwambiaye kwamba hajui kulima. Lakini mtu anaposhindwa kujaza fomu ya maombi katika tovuti, mara nyingi huambiwa, naye mwenyewe huamini, kwamba hajui kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi sayansi ilivyoonyesha kwamba makosa mengi ya namna hiyo hutokana na chombo, na jinsi ubora wa chombo hicho unavyoweza kupimwa kwa hesabu za shule ya sekondari.

1. Chanzo cha elimu hii

Elimu hii ilianza kabla ya kuwapo kwa tovuti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya kukunja vibao vilivyo nyuma ya mabawa. Ndege ikalala kwa tumbo uwanjani. Ajali hizo ziliandikwa kuwa ni makosa ya rubani.

Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba cha rubani aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibao zilikuwa jirani, tena zilifanana. Dawa yake ilikuwa ndogo: swichi ya magurudumu ilipewa kishikio chenye umbo la gurudumu, na ile ya vibao kishikio chenye umbo la kabari. Mkono ukaweza kuzitambua hata gizani. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua matukio 460 yaliyoitwa makosa ya rubani, wakaonyesha kwamba mengi yangeweza kuepukwa kama vyombo vingesanifiwa kulingana na maumbile ya binadamu.

Hapo ndipo ilipopatikana kanuni ya msingi: watu wengi wakikosea mahali pamoja, pachunguzwe mahali hapo kabla ya kulaumiwa watu. Msanifu asiyefuata kanuni hii hufanana na mbaazi, ambao ukikosa maua husingizia jua.

2. Mfano wa tovuti iliyoshindwa

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajinunulie bima ya afya. Mamilioni ya watu waliitembelea, lakini siku ya kwanza ni watu 6 tu waliofaulu kukamilisha maombi. Mitambo ilizidiwa, na majaribio yaliyotangulia hayakutosha. Lakini palikuwa na sababu nyingine ya usanifu: kila mgeni alitakiwa kujiandikisha kwanza ndipo aone bei za bima. Ni kama duka linalomtaka kila mpita njia aandikwe jina mlangoni kabla ya kutazama bidhaa. Foleni ikajaa mlangoni, hata kwa wale waliotaka kuuliza bei tu.

3. Makosa matatu ya kawaida

(a) Kungoja. Tangu utafiti wa Robert Miller wa mwaka 1968, wataalamu hutumia vipimo vitatu. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huona kama limekuja papo hapo. Likija ndani ya sekunde 1, mawazo yake hayakatiki. Likizidi sekunde 10, huanza kufikiria mambo mengine au huondoka.

Tuseme ukurasa umejazwa picha hata ukawa na megabaiti 3. Kwa kuwa baiti 1 ni biti 8, ukurasa huo una megabiti 24. Katika mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde utafunguka kwa sekunde 24 ÷ 4 = 6. Katika mtandao hafifu wa megabiti 0.1 kwa sekunde utahitaji sekunde 240, yaani dakika 4. Msanifu aliyeko penye mtandao wa kasi haoni tatizo lolote. Mwanafunzi aliyeko mbali na mnara wa simu hulipa mara mbili, kwa muda wake na kwa kifurushi chake.

(b) Vitufe vidogo. Mwaka 1954 Fitts alionyesha kwamba ugumu wa kulenga kitu unaweza kukadiriwa hivi:

Ugumu = log₂ (2D ÷ W)

ambapo D ni umbali wa kufikia kitu, na W ni upana wake. Kidole kikiwa sentimita 8 kutoka kwenye kitufe chenye upana wa sentimita 1, ugumu ni log₂ 16 = 4. Kitufe kikipunguzwa kuwa sentimita 0.5, ugumu ni log₂ 32 = 5. Ugumu unapoongezeka, muda wa kulenga huongezeka pia.

(c) Ujumbe usiofundisha. Fomu nyingine husema tu "Umekosea", bila kutaja palipokosewa, kisha hufuta yote yaliyoandikwa. Nyingine hudai tarehe bila kueleza mpangilio wake: 04/07/2008 ni tarehe 4 Julai kwa msomaji wa Tanzania, na ni tarehe 7 Aprili kwa msomaji wa Marekani. Mwombaji anayekwama hivyo siku ya mwisho ya kupokea maombi anaweza kupoteza mwaka mzima wa masomo. Fomu njema hutaja kosa, huonyesha mfano ulio sahihi, na huhifadhi yaliyokwisha kujazwa.

4. Watu watano wanatosha?

Kupima tovuti si lazima kuwe na gharama kubwa. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walieleza kwamba ikiwa mtu mmoja hugundua sehemu L ya matatizo yote, watu n watagundua sehemu ifuatayo:

1 − (1 − L)ⁿ

Katika miradi waliyoichunguza, wastani wa L ulikuwa 0.31. Kwa hiyo:

mtu 1: asilimia 31
watu 2: asilimia 52
watu 3: asilimia 67
watu 4: asilimia 77
watu 5: asilimia 84

Ni dhahiri kwamba kila mtu anayeongezwa huleta mapya machache kuliko aliyemtangulia. Ndiyo sababu yafaa kuwapima watu watano, kurekebisha makosa, kisha kuwapima wengine watano. Hata hivyo, L hubadilika kutoka tovuti moja hadi nyingine, na watu wanaochaguliwa hawana budi kufanana na watumiaji halisi. Vijana watano mahiri hawawezi kumwakilisha mzee mwenye macho hafifu.

5. Jaribio la darasani

Mwalimu achague tovuti moja ya umma na kazi moja mahsusi, kwa mfano kutafuta tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi. Wanafunzi watano waifanye kazi hiyo mmoja mmoja, wakisema kwa sauti wanayoyafikiri. Mwanafunzi mwingine aandike muda uliotumika, mahali waliposita na vitufe walivyobofya kimakosa. Mtazamaji asiwasaidie wala asiwacheke, kwa maana kinachopimwa ni tovuti, si mwanafunzi. Mwishoni darasa lipange makosa kwa idadi ya waliokwama, na lipendekeze marekebisho ya kosa lililowakwamisha wengi zaidi.

Maswali

1. Ukurasa wa megabaiti 2 utafunguka kwa sekunde ngapi katika mtandao wa megabiti 0.5 kwa sekunde?
2. Ikiwa L ni 0.2, wanahitajika watu wangapi ili kugundua zaidi ya asilimia 80 ya matatizo?
3. Taja chombo kimoja cha nyumbani au shuleni ambacho watu wengi hukitumia vibaya. Je, kinaweza kusanifiwa vipi ili kosa hilo lisitokee?