SOMO LA MKULIMA: MAHINDI CHOTARA YA GHALANI SI MBEGU

Utafiti wa kuzalisha mbegu bora za mahindi ulianza Kitale mwaka wa 1955, ukiongozwa na Michael Harrison. Mwaka wa 1964 ulitoa chotara H611, iliyozalishwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Mavuno yake yalizidi yale ya aina ya Kitale kwa takriban asilimia 40, na wakulima wadogo wa Trans Nzoia na Bungoma wakaipokea haraka.

Hata hivyo, kuna wakulima ambao bado huchagua mahindi makubwa ya mavuno ya chotara na kuyapanda tena. Hasara huonekana wakati wa kuvuna.

Kwa nini? Chotara huzaliwa na wazazi wa koo tofauti, na nguvu yake imo katika kizazi cha kwanza. Ukipanda punje zake, watoto hawafanani: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine bila hindi la maana. Mbolea na palizi ni zile zile, lakini magunia hupungua. Mbegu za kienyeji haziko hivyo. Hizo unaweza kuhifadhi na kupanda tena.

Sababu kubwa ya kurudia mbegu ni pesa. Karo ya shule hudaiwa Januari na mbegu hununuliwa kabla ya mvua za Machi. Kwa hiyo, tenga pesa za mbegu siku unayouza mahindi. Ekari moja huhitaji takriban kilo 10.

Zingatia haya:

1. Nunua katika duka lililoidhinishwa. Kwangua kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti, kisha utume nambari hiyo kwa 1393 ili kuthibitisha mbegu.
2. Panda mvua zinapoanza, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mbegu moja kwa shimo.
3. Weka mbolea ya kupandia, palilia mapema, na uongeze mbolea ya kukuzia mahindi yanapofika magotini.

Je, una shaka? Panda sehemu mbili ndogo zinazolingana, moja chotara mpya, nyingine mbegu uliyozoea. Zipande siku moja, uzitunze sawa, kisha upime mavuno ya kila sehemu. Mizani ikuamulie. Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.